Mmea Mkavu Usemao



Usukumani kiazi kitamu chajulikana sana. Hukatwa kibichi, kikaanikwa, kikawa michembe. Au huchemshwa kwanza, ndipo kikaanikwa, kikawa matobolwa. Lakini porini hutambaa mimea ya ukoo wake isiyopandwa na mtu. Mmoja wao wataalamu wauita Ipomoea obscura. Jani lake lina umbo la moyo. Ua lake ni jeupe au la manjano, mfano wa tarumbeta ndogo. Hufunguka asubuhi, na jua likipanda hunyauka.

Basi ua la nusu siku huwekwaje miaka mia? Mmea hulazwa kati ya karatasi na kugandamizwa kwa mbao, na karatasi hubadilishwa hata mmea ukauke. Kisha hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni hutiwa kibandiko. Humo huandikwa mahali, tarehe, jina la mchumaji, namna ya udongo na rangi ya ua; maana rangi hufifia, maandishi hubaki.

Zamani palikuwa na kituo cha uchunguzi wa mbung'o huko Old Shinyanga. Bwana B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika kazi hiyo, alichuma mimea mingi ya nchi hii. Mwaka 1938 alikufa kwa ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, Bwana C. F. M. Swynnerton. Mimea yake haikufa naye. Imo katika hifadhi ya Kew, Uingereza, nayo husomwa hata leo. Ni kwa mimea mikavu ya namna hiyo Bwana Bernard Verdcourt aliandika kitabu cha ukoo huu katika Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1963.

Lakini tuangalie neno moja. Kibandiko kisemacho "Geita, Mwanza" kilikuwa sahihi zamani. Tangu mwaka 2012 Geita ni mkoa peke yake. Mipaka ya serikali huhama. Tena huko Geita hata vilima huchimbwa dhahabu. Palipochimbwa shimo, mmea uliochumwa kwanza ndio shahidi wa kilichoota pale. Shahidi huyo asipotaja mahali na siku, ni bubu. Ni nyasi kavu tu.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkichuma mmea andikeni palepale, siku ileile: kijiji, kilima, mto, udongo, na jina walitumialo wazee. Tusiandike la kukisia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.