Kutoka Darasani hadi Gengeni: Ufundishaji wa Stadi za Maisha na za Kijamii kwa Wanafunzi wenye Ulemavu wa Akili

Stadi za maisha, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni uwezo wa mtu kujihudumia, kutumia fedha, kusafiri na kujilinda, ilhali stadi za kijamii ni uwezo wa kusalimiana, kuomba, kukataa na kungoja zamu. Watoto wengi huyapata hayo kwa kuwatazama wakubwa, lakini mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, yaani yule ambaye uwezo wake wa kuelewa na kujimudu hukua polepole kuliko wa rika lake, huhitaji kufundishwa jambo mojamoja, waziwazi na kwa kurudiarudia.

Ufundishaji huo huanza kwa uchanganuzi wa kazi, ambao ni kuigawa kazi katika hatua ndogo zinazofuatana. Hatua hizo zinaweza kufundishwa kuanzia ya mwisho: mwalimu hufunga vifungo vya shati, akamwachia mwanafunzi kimoja, siku nyingine viwili, hadi avifunge vyote mwenyewe. Kwa mpangilio huo kila somo huishia mikononi mwa mwanafunzi, naye huinuka akiwa ameimaliza kazi.

Ugumu mkubwa uko katika uhamishaji wa stadi, yaani kuitumia stadi mahali pengine na mbele ya watu wengine. Mwanafunzi aliyezoea vipande vya karatasi vilivyoandikwa tarakimu bado hajafundishwa fedha, ingawa noti halisi za Tanzania zinafundishika vizuri kuliko karatasi hizo: ya shilingi 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru na ya 10,000 ina tembo, kila moja kwa rangi yake, kiasi kwamba hata asiyesoma tarakimu anaweza kujua ametoa noti ipi. Kwa hiyo somo la fedha lifanyikie gengeni, kwa nyanya za kweli na muuzaji wa kweli, na kungoja chenji kuhesabiwe kuwa hatua ya kazi kama zilivyo nyingine. Inafaa hata mwalimu mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ambako walimu wa elimu maalumu huandaliwa, apimwe huko gengeni wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Katika stadi za kijamii, salamu ndiyo mlango. Neno “shikamoo” hushikwa upesi. Kinachochelewa ni kujua wa kuamkiwa, kwa maana mwanafunzi huweza kumwamkia rika lake au kumkumbatia mpita njia, na wapo wakubwa wanaolicheka jambo hilo badala ya kumwelekeza, jambo ambalo ni kumdhulumu. Picha za jamaa, majirani na wageni, zikiambatana na maigizo mafupi, humsaidia kutenganisha wa kuamkiwa, wa kupewa mkono na wa kuepukwa.

Zaidi ya hapo, utii usiobagua ni hatari, kwani mtoto aliyefunzwa kumkubalia kila mkubwa hana kinga dhidi ya anayetaka kumdhuru. Kukataa ni stadi inayostahili saa yake katika ratiba, na zoezi lake huanzia kwa mwalimu mwenyewe, ambaye huomba ruhusa kabla ya kumshika mwanafunzi mkono na, akijibiwa “sitaki”, huuacha.