Dawa ya Kukausha Miti na Haki ya Mgonjwa



Tusikiapo habari za sumu iliyomwagwa katika vita vya Vietnam, twadhani ni mambo ya mbali. Lakini kati ya mwaka 1950 na 1952 Waingereza walizijaribu sumu za jamii hiyo huko Kikore, Kondoa, katika mkoa wetu huu, wapate kujua jinsi zinavyopukutisha majani katika nchi za joto. Mojawapo iliitwa 2,4,5-T. Baadaye sumu hizo zilitumika katika vita vya Malaya, kukausha vichaka vya kando ya barabara na kuharibu mashamba ya waasi. Katika vita hivyo walipigana pia askari wa KAR kutoka Kenya na Nyasaland.

Wamarekani nao, kuanzia 1962 hadi 1971, walimwaga Vietnam lita zaidi ya milioni 70 za viuagugu. (Sisi huziita “dawa”, hata zile zinazoua!) Katika kuitengeneza 2,4,5-T huzaliwa uchafu uitwao dayoksini, ambao mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutangaza kuwa unasababisha saratani kwa binadamu.

Hatusemi kwamba kila mzee mwenye saratani aliipata vitani. Ugonjwa huu una vyanzo vingi. Na hapo ndipo penye swali la haki: nani abebe mzigo wa kuthibitisha? Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 ilimwondolea askari mzigo huo. Akionyesha kwamba alitumika Vietnam miaka ile, na ugonjwa wake umo katika orodha, kama saratani ya mapafu au ya tezi dume, yatosha; hadaiwi ushahidi wa pipa lililomdhuru. Lakini Wavietnam, waliomwagiwa sumu hiyo majumbani mwao, walipoyashtaki makampuni yaliyoitengeneza, mahakama ya New York ililitupa shauri lao mwaka 2005. Kwetu sisi huo ni upimaji wa mizani mbili.

Basi, familia yenye mzee aliyefanya kazi Kikore miaka ile, au aliyepelekwa Malaya, hata kama amekwisha fariki, itafute vyeti vyake na kuandika simulizi zake wangali hai wanaozikumbuka. Na mnapompeleka mgonjwa hospitali, mwambieni daktari alifanya kazi gani ujanani, na wapi.