Watoto Wadogo Waende Amboni au Tongoni?

(Mazungumzo na wazazi kwenye mkutano wa shule)



Leo tuna jambo moja tu. Shule yetu inataka kuwapeleka watoto kwenye Mapango ya Amboni wakajifunze. Watoto wa madarasa makubwa hatuna wasiwasi nao. Shauri liko kwa wale wadogo wa darasa la awali na darasa la kwanza, wenye umri wa miaka mitano na sita. Wengine mmesema, "Waende wote, elimu haina umri." Wengine mmesema, "Wale ni wachanga mno, watapotea pangoni." Kila upande una neno lake. Basi tulitazame jambo hili pamoja, pole pole.

AMBONI NI MAHALI GANI?

Mapango ya Amboni yako kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa barabara iendayo Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Tangu mwaka 1963 yamo mikononi mwa serikali. Mapango ni kumi, lakini wageni huingizwa katika pango moja. Ndani ni giza tupu. Mwenye kuongoza hutangulia na taa. Mahali pengine unapita wima, mahali pengine unainama. Popo nao ni wengi.

Mle ndani mna mafunzo makubwa. Maji ya mvua hupenya kwenye mwamba na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo. Yakidondoka huiacha chokaa ile. Tone juu ya tone, kwa maelfu ya miaka, jiwe hurefuka kutoka juu, na jingine huinuka kutoka chini. Ni kama ule utando mweupe unaoganda ndani ya sufuria tunayochemshia maji ya kisima kila siku.

Tena wazee husimulia kwamba pango moja linatokea Mombasa na jingine Kilimanjaro. Mwaka 1994 wataalamu waliyapima mapango yale. Lililo refu kuliko yote walilikuta lina urefu wa mita 900 hivi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuisikia hadithi, akakisikia na kipimo, halafu akapambanua mwenyewe. Huyo Amboni inamfaa sana.

NA YULE MDOGO JE?

Mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa kushika, kwa kutazama na kwa kuuliza. Mpe kifuu cha nazi, atakigeuza nusu saa. Sasa pangoni atashika nini? Mawe yale hayafai kuguswaguswa, yanaharibika. Mavi ya popo hayafai kabisa, vumbi lake laweza kuleta maradhi ya kifua. Na mtoto akiogopa giza hasikii tena mwalimu anasema nini. Atakachorudi nacho nyumbani ni woga, na usiku ataota popo.

Wako watakaosema, "Mbona sisi tulichunga mbuzi porini tukiwa wadogo?" Kweli tulichunga. Lakini tulikwenda na kaka zetu, jua linawaka, na ile njia tuliizoea siku hata siku.

Wengine wametaja Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967. Mna nyumba za makabila mbalimbali, na mtoto huziona kwa macho yake. Ni mahali pazuri. Lakini safari yake ni zaidi ya kilomita 300. Mtoto mdogo atafika amechoka na kutapika. Tena kinu na mtungi viko hapa hapa kwetu, tumwonyeshe hivyo kwanza.

TONGONI

Kusini ya Tanga, kiasi cha kilomita 17 katika barabara ya Pangani, yako magofu ya Tongoni. Ni msikiti wa kale na makaburi yapatayo arobaini, mengi yakiwa ya nguzo. Nguzo nyingi zimekwisha anguka. Ni mahali peupe penye mwanga, na bahari iko karibu.

Wakubwa wataelezwa pale habari za Vasco da Gama, aliyepita pwani hii mwaka 1498. Aliporudi mwaka 1499 Wareno walichoma moto merikebu yao moja karibu na hapo, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi. Mdogo hayo hayajui bado. Yeye atahesabu nguzo. Ataona ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, atauliza, "Mama, chokaa inatoka wapi?" Nasi tulioona tanuri la chokaa tutamjibu. Halafu atatelemka pwani akatazame kaa na mikoko.

Ila Tongoni nako si uwanja wa mchezo. Pale wamelala watu. Mtoto asipande kaburi, wala asiokote kigae akaondoka nacho.

SHAURI LETU

Kwa hiyo sisi wa kamati tunashauri hivi: wakubwa waende Amboni, wadogo waende Tongoni. Na tushike mambo matatu.

Kwanza, kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja. Sisi tuliohitimu kisomo tushike madaftari. Tuandike jina la kila mtoto anapopanda gari, na tuyasome majina yote kabla ya kurudi. Kalamu hiyo itamlinda mtoto kuliko makelele.

Pili, nauli. Ni jasho la nazi na mihogo, tunajua. Lakini mtoto asiachwe nyumbani akilia kwa sababu baba yake hana. Tumchangie.

Tatu, jioni mzazi amwulize mtoto, "Umeona nini?" Kisha anyamaze asikilize. Mtoto asiyeulizwa husahau upesi.

Ndugu wazazi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkiafiki, tuanze kuandika majina leo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Karibu na kijiji chetu pako wapi mahali pa kumfundisha mtoto mdogo bila nauli?
2. Nani kati yetu anajua kueleza jinsi chokaa inavyochomwa?
3. Mtoto akiogopa njiani, tufanyeje?