Atakayenitafuta Ni Nani?

Somo: Warumi 8:14–17, Luka 15:3–7



Katika makanisa yetu ya Machakos wako akina baba na akina mama waliompokea mtoto wasiyemzaa, wakaenda mahakamani, naye akawa mtoto wao kwa sheria. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini hati hutolewa kwa siku moja. Moyo wa mtoto hauji kwa siku moja.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka sita. Hufagia ua, husema asante, wala hasumbui. Lakini usiku huficha mkate chini ya godoro. Wazazi huhuzunika: "Tumemnyima nini?" Hawakumnyima kitu. Aliyewahi kuachwa huogopa kuachwa tena.

Tufanyeje? Tusianze kwa maonyo. Mwaka 1964 Bernard Guerney, mtaalamu wa Marekani, alieleza njia ya kuwafundisha wazazi wenyewe kucheza na watoto wao wenye taabu ya moyo. Mzazi hutenga nusu saa kila juma, akaketi chini, na mtoto ndiye anayeuongoza mchezo. Nasi tusidhani kwamba huko ni kupoteza wakati: Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001, na ile ya 2022 iliyochukua mahali pake, zote zimetaja kucheza kuwa haki ya mtoto.

Vitu vya gharama havihitajiki. Gari la waya latosha, au mchezo wa kujificha. Mvulana hujificha nyuma ya tangi la maji. Baba huweka jembe chini, humtafuta, humwona, hucheka naye. Kesho mtoto hujificha pale pale. Baba asiseme, "Mahali hapo nimekwisha kupajua." Maana mtoto anauliza neno kubwa: Nikipotea, atakayenitafuta ni nani?

Ndugu, sisi nasi tulifanywa wana kwa neema. Mchungaji yule hakusimama mlangoni kumwita kondoo wake. Alikwenda akamtafuta hata akamwona. Basi mzee wa kanisa asione haya kupiga magoti mavumbini pamoja na mtoto wake. Huenda mkate ukafichwa miezi mingi bado. Tusichoke.

Tuombe. Ee Baba, uliyetutafuta tulipojificha, utupe subira ya kuwatafuta watoto uliotupa, leo na kesho tena. Amina.