Mama alisema joto, mimi nikasema homa

[Muziki wa kufungulia kipindi unashuka.]



Leo nazungumza na mama zangu, hasa wenye miaka 40 na kuendelea, au wanaoikaribia. Shikamooni. Najua mimi ni mtoto kwenu, tena wa kiume, na habari ninayoileta si ya mtoto wa kiume kuiweka mbele ya mama zake. Naomba ruhusa. Nikimaliza mtaniambia kama nimekosa adabu. Lakini adabu yangu iliwahi kumgharimu mama yangu karibu miaka miwili, na ameniruhusu niwasimulie.

Mwaka 2016 tulikuwa tunakaa Jinja. Mama aliuza mukene sokoni, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilikuwa sekondari, najua Kiingereza cha darasani na Kisoga cha mtaani, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wa nyumba nzima. Mwenye nyumba akija, naitwa. Mwalimu wa wadogo zangu akiita mzazi, tunakwenda wawili. Mtu akiugua, mimi ndiye ninayeingia naye kwa daktari. Wengi wenu mna mtoto kama huyo nyumbani.

Mama alikuwa na miaka 43. Akaanza kuamka usiku, kitenge kimelowa kama ametoka kuoga nacho. Akawa anafungua mlango saa nane za usiku ili apigwe na upepo, na sisi tunalalamika mbu wanaingia. Mchana alisahau bei ya bidhaa yake mwenyewe. Yeye, ambaye alikuwa anahesabu madeni ya wateja 20 kichwani bila daftari! Akawa anatufokea kwa kitu kidogo, halafu analia.

Tukaenda kliniki. Akaniambia, "Mwanangu, mwambie daktari joto linanipanda usiku, na damu yangu ya mwezi imeharibika." Nilisikia yote mawili. Nikatafsiri la kwanza tu, tena vibaya. Nikasema ana homa usiku. La pili nililimeza. Nilikuwa na miaka 17, ningelisema vipi?

Sasa wewe unajua, Uganda ukisema homa, jibu ni malaria. Akapewa dawa za malaria bila hata kuchomwa kidole. Baada ya mwezi tukarudi, kliniki nyingine, wakasema taifodi, akachomwa sindano siku tano. Wa tatu akasema presha. Wa nne alitutazama, akauliza tumetoka nchi gani, akasema mama ana mawazo ya vita. Hela ya mukene ikaisha kwenye dawa. Sizitaji kliniki hizo, na ukweli ni kwamba niliwapa habari nusu.

Mwaka 2018 tulisafiri kwenda Mbale kwenye msiba wa rafiki wa familia, tukapitia Iganga na Tirinyi. Siku ya pili mama alianguka kwenye foleni ya maji. Tukampeleka kituo cha afya cha serikali. Mbale iko karibu na mpaka wa Kenya na Kiswahili unakisikia sokoni, kwa hiyo tulibahatika kumkuta mkunga, mama wa makamo, anayekizungumza. Nikaingia kama kawaida yangu. Akanitazama juu ya miwani: "Wewe kijana, kaa nje."

Nilikaa nje nusu saa. Baadaye mama alinieleza kwamba swali la kwanza aliloulizwa ni hili: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, na ile iliyotangulia? Jinja hakuna aliyekuwa ameuliza. Naye mama akafunguka. Ilikuja baada ya wiki tatu, ikakaa wiki saba bila kuonekana, ikaja siku kumi na mabonge. Mkunga akapima damu, ikaonekana imepungua sana, ndiyo maana alianguka. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akatumwa hospitali ya rufaa akapigwe picha ya tumbo kuangalia kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Hapakuwa na uvimbe. Alikuwa anaelekea kukoma hedhi.

Njiani alicheka peke yake. "Kumbe sifi," akasema.

[Muziki mfupi.]

Sasa nikueleze kama nilivyoelezwa, na nimehakikisha kwa wahudumu wa afya kabla ya kuja hapa.

Hedhi haikatiki siku moja kama taa. Mayai ya mwanamke yanapopungua, homoni zake hupanda na kushuka bila mpango, na mwili wote unasikia. Kipindi hicho cha mpito kwa wengi huanza katika miaka ya arobaini, na kinaweza kuchukua miaka minne, kwa wengine minane au zaidi. Mwanamke anahesabiwa amekoma hedhi akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Madaktari wakisema menopozi, ndiyo hiyo. Lishike neno hilo, litakusaidia mbele ya daktari asiyejua Kiswahili.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni hedhi yenyewe kubadilika: inakaribiana, inaachana, inakuwa nyingi au kidogo. Lakini si lazima ianze hiyo. Mwingine huanza na usingizi kukatika, au hasira asiyoijua inatoka wapi, au kusahau, au viungo kuuma asubuhi, au moyo kwenda mbio. Wengine wanapata ukavu ukeni na maumivu wakiwa na mume. Hapo pana shida nyingine, kwa sababu mume anaona mke hamtaki tena. Nimesikia ndoa iliyoyumba hapo Jinja kwa jambo hilo. Baba unayenisikiliza, mkeo akikuambia anaumia, anaumia. Kuna vilainishi vya maji vinavyosaidia, muulizeni mkunga. Mafuta ya kupaka mwilini hayafai, yanapasua kondomu. Na mama, usijioshe ndani kwa sabuni wala kuweka majani, unaongeza ukavu na vidonda.

Halafu lile joto. Linaanza kifuani, linapanda shingoni na usoni, linakaa dakika chache, jasho linatoka, linaondoka na kukuacha unasikia baridi. Ukiweka kipimajoto, mara nyingi ni kawaida. Homa ya malaria hukaa saa nyingi, kipimajoto kinaonyesha, na kichwa na mwili vinauma. Lakini usijipimie kwa mdomo wangu! Malaria ni nyingi kwetu, basi kipime. Kinachotakiwa ni kipimo kabla ya dawa. Kipimo kikisema hakuna, uliza kwa upole: kama hakuna malaria, joto hili linatoka wapi?

Na jasho la usiku lina majirani wabaya. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unakonda, omba kupimwa kifua kikuu. Pima VVU pia. Na kama hedhi imepotea, pima mimba kwanza. Mama mmoja wa miaka 46 aliniambia alijua duka limefungwa, kumbe mtoto alikuwa njiani. Mwili wa kipindi hiki bado unaweza kushika mimba. Ushauri wa wahudumu ni uendelee na uzazi wa mpango hadi mwaka mzima upite bila hedhi kama una miaka zaidi ya 50, na miaka miwili kama uko chini ya 50. Lakini ukiwa unatumia sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi, hivyo vyenyewe hubadilisha damu au kuisimamisha, kwa hiyo hesabu hiyo ya miezi haikufai. Mwambie daktari unatumia nini.

Kuna mambo usiyoyasubiri hata wiki. Damu inayojaza pedi au kitambaa kila saa. Damu baada ya kulala na mume. Damu iliyorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata ikiwa tone. Hizo si za kusema "ni umri." Inaweza kuwa saratani, na ikikutwa mapema inatibika. Kipimo cha mlango wa kizazi kwa kutumia siki kinafanyika katika vituo vingi Uganda, na wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kukifanya. Na wewe ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au inaelekea kukoma kabla ya 45, nenda hospitali. Mapema hivyo mifupa na moyo vinahitaji kuangaliwa.

[Sauti ya watu nje ya kituo cha afya.]

Utasema, mwanangu, haya yote nayajua, shida ni kwamba hawanisikilizi. Unafika saa moja asubuhi, unaingia saa saba, unapewa dakika tatu. Kweli. Basi dakika hizo tatu uzipange kabla hujatoka nyumbani.

Unalijua lile daftari dogo tunalonunua ili wahudumu waandike ugonjwa na dawa? Kurasa za nyuma zinakaa wazi. Chora siku za mwezi hapo. Siku ya damu weka alama, siku ya damu nyingi weka alama mbili. Usiku ulioamka kwa joto andika mara ngapi. Hujui kuandika, chora vijiti, hata mtoto wa la pili atakuhesabia. Fanya miezi miwili au mitatu. Ukiingia, fungua ukurasa huo kabla hujasema neno. Daktari anayekuambia ni mawazo anakuta tarehe zimekaa mezani, na tarehe hazina mawazo ya vita. Simaanishi kwamba vita haisumbui usingizi. Inasumbua, na wengi wetu tunajua. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na yote mawili yatibiwe.

Anza na jambo kubwa. Sisi tuna tabia ya kuanza na kichwa, mgongo, miguu, halafu tukishika kitasa cha mlango ndipo tunasema lile lililotuleta. Sema kwanza: nina miaka 44, hedhi yangu imebadilika tangu mwezi fulani, joto linanipanda mara nne usiku, je, inawezekana naelekea kukoma hedhi? Wengi tunaowaita daktari ni wauguzi na maofisa tabibu, wana foleni ndefu, swali la moja kwa moja linawasaidia na wao. Uliza pia: unapima nini, na nirudi lini nisipopata nafuu? Omba jibu liandikwe kwenye daftari.

Na mkalimani. Nakuomba, usimpeleke mwanao. Si kwamba hakupendi, ila atameza neno kama nilivyomeza. Chukua mwanamke mwenzako, dada wa kanisani au msikitini, mhudumu wa afya wa kijiji, na mkubaliane maneno kabla ya kuingia. Una haki ya kusema nataka kuzungumza na mkunga. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kina mkunga. Hawaelewi hapo, omba rufaa ya ngazi ya nne au hospitali. Jinja na Mbale zote zina hospitali ya rufaa ya kanda, ya serikali. Mkimbizi anahudumiwa humo kama raia, na Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Nauli na dawa zikiisha kituoni, hilo ni jingine, silifichi.

Tiba ipo. Kuna dawa za homoni zinazotuliza joto sana, lakini hazipatikani kila kituo, na hazimfai kila mtu: aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda miguuni au ugonjwa wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana sababu. Kwa hiyo usizinunue dirishani. Mambo madogo nayo husaidia: nguo ya pamba, kulala na shuka mbili nyepesi badala ya blanketi moja, kupunguza chai kali, pilipili na pombe, kutembea. Mukene na maziwa vinalinda mifupa. Hapo mama yangu alijisifu, biashara yake ilikuwa dawa.

Hedhi yake ilikoma kabisa akiwa na miaka 48. Joto bado humjia mara chache, na mlango anaufungua. Nilipomwambia nitasoma habari hii redioni aliniuliza kitu kimoja tu, kama nitalisema neno hedhi kwa sauti au nitalimeza tena.

Maswali yenu wapeni wahudumu wa afya wa kijiji chenu, yatatufikia. Karatasi hii ukimaliza kuisoma mpe jirani.

[Muziki wa kufungia.]