Ulevi na Gharama Yake



Tumeombwa kusema habari za ulevi. Hatukusimama hapa kumcheka mlevi, maana mlevi hachekwi ila na wasiolala nyumbani kwake. Twataka kupima neno moja tu: kikombe cha kileo bei yake ni nini, na mlipaji ni nani?

Kwanza tutazame mwili. Kileo kikiingia tumboni hakikai huko, bali hupita katika damu kikafika ubongoni. Ini ndilo lenye kazi ya kukiondoa, nalo huifanya kwa taratibu yake, wala halihimizwi. Wako wasemao kwamba kahawa kali au maji baridi ya kichwani humrudishia mtu akili. Sivyo; humwamsha tu, akawa mlevi aliye macho. Naye akishika usukani wa gari, hatari yake huwapata abiria na wapita njia ambao hawakuonja hata tone.

Pili, iko hatari iliyofichika. Pombe ya mtama au ya ndizi yajulikana tangu zamani, nayo ikizidi huharibu. Lakini kileo kikali cha magendo, kiitwacho chang'aa huko Kenya na gongo huku Tanzania, pengine hutiwa methanoli, ambayo ni kitu cha viwandani, ili kipate ukali kwa gharama ndogo. Mnywaji hawezi kuitambua methanoli kwa rangi wala kwa ladha. Ini huigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Tena haijidhihirishi upesi: mtu hulala akidhani amelewa tu, na kesho yake macho huingia ukungu, akatapika, akahema kwa shida. Akichelewa kutibiwa, huwa kipofu au hufa.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, watu zaidi ya 120 walikufa kwa kileo cha namna hiyo, na wengine wakapofuka. Kileo chenyewe kiliitwa kumi kumi, kwa kuwa bilauri iliuzwa shilingi 10. Tazameni basi upumbavu wa hesabu hiyo. Mnywaji alitoa shilingi zake akidhani amemaliza deni. Kumbe deni kubwa aliwaachia mjane na mayatima.

Wala tusidhani ya kuwa sheria peke yake yatosha. Kenya iliipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, nayo ikazidi kupikwa gizani. Sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kuuzwa kwa leseni. Hata hivyo mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa methanoli. Serikali yaweza kufunga kilabu, lakini kinywa hufungwa na mwenyewe. Na shida hii si ya nchi moja: Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya vileo.

Basi yatupasa kufanya nini? Mshahara ufike nyumbani kabla haujapita kilabuni. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni apelekwe hospitali saa ile ile, wala jamaa zake wasimfiche kwa kuona haya au kwa kuogopa polisi. Naye aliyezoea kunywa sana kila siku tusimfungie chumbani ili aache kwa nguvu, maana kuacha ghafula kwaweza kumtia kifafa hata kumwua. Apelekwe kwa daktari, na jamaa zake wasimtupe.

Nanyi vijana, mtaambiwa kwamba kunywa ni uungwana na kukataa ni uoga. Kabla ya kupokea kikombe hicho, waangalieni walio nyumbani, mkaulize ni nani atakayekilipia.