Dume Mchanga Aachwe Apite

(Maelezo ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika zinazopakana na pori, mbele ya wageni wa sinodi rafiki)



Mtakumbuka kuwa kikao kilichopita kiliacha jambo moja bila kulimaliza. Sharika nne zilizo karibu na pori ziliomba ofisi yetu isaidie kuandika barua, ili idadi ya nyati wanaowindwa na wageni katika eneo la jumuiya yetu ya hifadhi iongezwe, mgao wa vijiji ukue na bweni la wasichana lipate bati. Sisi wenyewe tuliunga mkono, na rasimu tulikuwa tumeshaiandika. Leo tunaomba kuirudisha mezani. Sababu ni mambo tuliyoyaona katika ziara yetu ya Pennsylvania, Marekani.

Wenyeji wetu kule ni Walutheri wanaowinda, mabibi kwa mabwana. Mnyama wao mkuu ni ayala mwenye mkia mweupe, wa ukoo wa yule tunayemsoma katika Zaburi ya 42. Wengi wetu tungemwita kulungu, lakini kulungu wetu pembe zake hubaki maisha yote. Pembe za ayala dume huanguka kila mwaka na kuota upya. Za kwanza huwa vijiti tu, na huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka dume anapofikia miaka mitano hadi saba hivi. Kwa hiyo anayetaka pembe kubwa hana njia ya mkato: lazima amwache dume azeeke, tena ashibe.

Jambo hilo ni rahisi kulisema. Kulifanya kuliwachukua karibu miaka mia moja.

Ilipofika mwaka 1900 ayala walikuwa karibu kwisha Pennsylvania. Tume ya wanyamapori ya jimbo (tunasema jimbo la Marekani, si majimbo yetu ya Dayosisi) ilikuwa imeanzishwa mwaka 1895. Kuanzia 1906 walileta ayala kutoka kwingine, na mwaka 1907 sheria ikakataza kuua majike. Wanyama wakaongezeka, kisha wakazidi. Walikula miche yote ya miti mpaka msitu ukakosa watoto wa kurithi wazee, na wakati wa theluji wengi walikufa kwa njaa. Lakini vizazi vya wawindaji vilikwisha kufundishwa kuwa mtu wa heshima hapigi jike. Basi kila msimu walimaliza madume. Kufikia mwaka 2001, takribani wanane kati ya kila madume kumi waliouawa walikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Wanyama wengi, uwindaji duni.

Mwaka 1999 kazi hiyo alipewa mtaalamu aitwaye Gary Alt, aliyejulikana zaidi kwa utafiti wa dubu. Alizunguka mji kwa mji akifanya mikutano ya hadhara. Majike zaidi yakaruhusiwa kuwindwa ili kundi lilingane na chakula cha msitu. Mwaka 2002 ikaja kanuni ya pembe: dume asipigwe mpaka awe na ncha tatu upande mmoja, na upande wa magharibi wa jimbo ncha nne. Alitishiwa hata akawa anavaa fulana ya kuzuia risasi mikutanoni. Mwisho wa 2004 aliacha kazi, lakini kanuni ilibaki. Katika miaka ya karibuni, karibu theluthi mbili ya madume wanaowindwa wana miaka miwili na nusu au zaidi.

Tusiwafiche upande wa pili. Mzee mmoja wa kanisa alituambia amekaa siku tatu msituni bila kuona mnyama, na kwamba wataalamu wamemharibia uwindaji aliorithi kwa baba yake. Hatukumwona mjinga. Kundi likipunguzwa, mtu ataona wanyama wachache, na hiyo ni gharama ya kweli. Tena mwaka 2012 ugonjwa wa ayala unaoharibu ubongo uligunduliwa Pennsylvania, na huwapata zaidi madume wakubwa. Kwa hiyo kumwacha dume azeeke nako kuna hatari yake.

Jambo jingine lililotugusa ni mpango ulioanza 1991, ambapo wawindaji hutoa nyama ya ayala kwa ajili ya wenye njaa. Tuliona masanduku yake katika ghala la chakula la kanisa.

Sasa turudi kwa nyati wetu. Hatupendekezi kuiga habari ya majike. Kwetu wageni huwinda madume, na hatuna tatizo la nyati kumaliza msitu. Tatizo letu ni umri. Dume la nyati lililokomaa pembe zake zimekutana juu ya paji la uso na kuwa ngumu kama jiwe. Changa, hapo katikati bado ni laini. Kwa simba kanuni zetu zimeshaelekeza dume awe amefikisha miaka 6, kwa kuwa akiuawa mapema dume mgeni huingia na kuua watoto wake. Tukiomba idadi iongezwe bila kujua wazee wamebaki wangapi, tutauza wachanga, na baada ya miaka michache mgeni hatarudi. Hapo hata mgao huu mdogo utakatika.

Kwa hiyo tunaomba kamati zikubali barua nyingine. Iombe kwamba kila kichwa kinachowindwa kipigwe picha na askari wa vijiji na umri wake uandikwe daftarini kwa misimu mitatu, kabla ya idadi kuguswa. Iombe pia taarifa ya mgao wa miaka miwili iliyopita, ambayo vijiji bado havijaiona. Hili la pili lina uzito kuliko nyati.

Ndugu zetu wafadhili, bweni haliwezi kungoja misimu mitatu. Wasichana thelathini na sita wanalala darasani. Makadirio ya bati na mbao tumeyaweka katika bahasha zenu.

Kamati zitapiga kura baada ya chai, usharika kwa usharika.